Baraza ya Viena

Ujumbe ulinikuta jikoni kwangu, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, chai ya maziwa iko motoni. Binamu yangu mmoja aliusambaza kwenye grupu letu la familia, akaupamba na vikaragosi vya makofi: ushauri kumi na tano kwa wanaokwenda Viena kiangazi hiki. Juu pana picha ya Khalfan, mkwe wa ami yangu, kavaa miwani ya jua na kuegemea gari la farasi. Chini pana jina la kampuni yake ya safari, na maneno kwamba haya yote ni matunda ya uzoefu wake wa miaka mingi wa kuongoza misafara ya Ulaya.

Nilianza kusoma kivivu tu. Wa kwanza, maji ya bomba ya Viena ni safi, usinunue ya chupa. Wa pili, usitembee kwenye njia ya baiskeli, maana wenye baiskeli hawatakupisha. Wa nne, Jumapili maduka yanafungwa, mkate ununuliwe Jumamosi. Nikajikuta najua sentensi inayofuata kabla jicho halijaifikia. Halafu nikafika wa tisa: "Nyuma ya kanisa kuu, kwenye ukuta, pana baraza ya mawe yenye kivuli. Wanawake na watu wazima wapumzike hapo dakika kumi kabla ya kuendelea." Chai ilifurika ikazima moto, na mimi nimesimama pale pale na simu mkononi.

Nyuma ya kanisa lile hakuna baraza. Haijapata kuwepo. Najua hivyo kwa sababu aliyeijenga ni Shangazi Thuwaiba, kwa kalamu ya risasi, kwenye meza yetu ya kulia, na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake nimemshikia ncha ya uzi.

Shangazi Thuwaiba alikuwa dada wa baba, na tulikaa nyumba moja. Kazi yake iliyojulikana na watu ilikuwa kushona kofia, zile za vitobo ambazo wanaume wetu wanazivaa Ijumaa na kujisifu nazo. Kazi yake nyingine haikuwa na jina. Kaka yake mkubwa, Ami Nasoro, alikuwa na ofisi ndogo ya safari kule Ruwi, akipeleka Ulaya familia zinazokimbia joto la Maskati. Ami alijua kuzungumza na watu na kujua nani anataka chumba kinachotazama mto. Ramani ilikuwa inamtoa jasho. Kwa hiyo kila karatasi aliyopewa msafiri, ya Viena, ya Praha, ya Roma, iliandikwa na Shangazi, kwa Kiswahili kwa watu wetu wenye asili ya Unguja na kwa Kiarabu kwa wengine.

Miaka ile hakukuwa na simu ya kukuonesha mtaa ulivyo. Alikuwa na vijitabu ambavyo wateja walirudi navyo, vyenye karatasi za kung'aa na harufu ya wino ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye gazeti jipya namkumbuka yeye. Alikuwa na kioo cha kukuzia kilichokuwa cha babu. Na alikuwa na uzi wake wa kofia. Aliulaza juu ya ramani, akaufuatisha kila kona ya mtaa huku mimi nimeshika ncha, kisha akaunyoosha mkononi. Kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka kifundo cha mkono, alisema, ni robo saa ya kutembea kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Mahali pa kupumzika alipiga fundo.

Kipimo hicho hakukitoa hewani. Alikijaribu kwanza kwetu. Ijumaa moja alinipeleka Matrah, ramani ya mji mkobani, tukatembea kutoka soko la samaki mpaka mwisho wa barabara ya pwani huku anatazama saa. Tuliporudi aliupima mwendo wetu kwa uzi, akakuta dakika mbili zimezidi. "Hizo zako," aliniambia. "Ulisimama kumtazama jodari." Siku nyingine tulikwenda pwani ya Yiti na familia nzima kula samaki wa kuchoma, na wakati wengine wamelala mkekani yeye alikuwa anahesabu hatua mchangani, anataka kujua mtoto wa miaka tisa anachoka baada ya ngapi. Kwenye karatasi ya Praha ikaandikwa kwamba wenye watoto wasipande kilima cha ngome bila kusimama mara mbili.

Sasa hiyo baraza. Kwenye ramani ya Viena, nyuma ya kanisa kuu, palikuwa na mstari mwembamba unaokwenda sambamba na ukuta. Pengine ni ukingo wa njia ya miguu, pengine mchoraji alitikisika mkono. Shangazi aliutazama kwa kioo muda mrefu. Yeye alizaliwa na kukulia Unguja, Mji Mkongwe, ambako kila nyumba ya maana ina baraza ya mawe mbele yake, watu wanakaa, wanakunywa kahawa, mpita njia anapumzisha mzigo.

"Hii ni baraza," alisema.

"Wazungu wana baraza, Shangazi?"

"Mji wa kale, una kuta nene namna hii, watu wazima wanatoka kusali, wasiwe na pa kukaa? Haiwezekani, mwanangu." Akapiga fundo.

Nimelifikiria kosa lile mara nyingi. Sidhani kama kuna mtu mwingine duniani, mwenye kuandika ushauri kwa watalii, ambaye angelifanya. Lilitoka kwenye adabu yake. Alidhani kila mji uliojengwa na watu wenye akili umemfikiria mgeni aliyechoka.

Wiki moja kabla ya kila msafara, baada ya swala ya alasiri, wanawake wa msafara walikuja kwetu. Ilikuwa ndiyo desturi, na wengi walikuwa jamaa na majirani. Haluwa ilipita, kahawa ilipita, kisha Shangazi alitandika ramani juu ya zulia na kuwatembeza. Alikuwa na kijiti chake cha kushonea kofia mkononi na sauti ya mtu anayetembea. Hapa mtashuka kwenye tramu, mshike watoto. Hapa mtasikia harufu ya farasi kabla hamjawaona. Hapa geuzeni uso kusini mashariki, kibla hicho. Hapa choo, na kopo msisahau, kwao hakuna maji chooni. Dukani mkiingia mwamkieni mwenye duka kwanza, msipomwamkia atawahudumia huku amenuna. Wanawake walicheka, waliuliza, na wengine waliandika kwenye viganja vyao. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama amefika.

Na mimi nilikuwa najua kwamba hajafika. Hapo ndipo penye jambo langu. Kwangu mimi lile halikuwa aibu hata kidogo, lilikuwa ndilo ajabu lenyewe. Kwenda na kurudi mtu yeyote aweza, anapanda ndege tu. Kuujua mji mpaka harufu yake ukiwa umekaa Khuwair, hilo nilidhani ni uwezo ambao Mungu amempa shangazi yangu peke yake. Niliona wivu kwa niaba yake kwamba watu hawajui.

Mwaka huo wa baraza Ami Nasoro alimwahidi kwamba atakwenda. Msafara wa Viena ulikuwa na wanawake wengi, akataka mtu wa kuwaongoza, na nani kama Thuwaiba. Sijapata kumwona mtu akifurahi kwa utaratibu namna ile. Alichukua paspoti. Alinunua koti jepesi la kijivu lenye vifungo vikubwa kutoka kwa mwanamke aliyerudi matibabuni Ujerumani. Kisha akaanza mazoezi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifunga mlango wa chumba chake, akashusha kiyoyozi mpaka namba ya mwisho, akavaa koti na soksi, akakaa kushona kofia kwenye baridi. Nilikuwa naingia na blanketi kumtazama.

"Shangazi, mikono yako inatetemeka."

"Inajifunza," alisema. "Nikifika kule n'taka nitazame mji, sitaki nitazame baridi."

Wiki tatu alikaa kwenye chumba kile. Wiki tatu.

Ikaja siku ya wanawake kukusanyika. Mkubwa wao alikuwa Bi Zamzam, jamaa yetu upande wa mama, mwanamke mnene, mwenye heshima zake, aliyekuwa anakwenda na mabinti na wakwe na wajukuu. Shangazi alipofika kwenye fundo la nyuma ya kanisa, Bi Zamzam akauliza, "Hiyo baraza, Thuwaiba, upana wake vipi? Nnakaa mie na mwili huu, au n'tabaki nje nusu?"

Watu wakacheka. Shangazi akasita. Alikuwa hawezi kusema uwongo, na ramani haikumwambia upana. Mimi nilikuwa napitisha sinia ya haluwa. Nilimwona anatafuta neno, nikadhani sasa ndiyo nafasi, sasa watu wajue.

"Shangazi hajafika Viena hata siku moja," nilisema, kwa sauti ya kusikika. "Na anaijua yote."

Chumba kikanyamaza. Nikaona nimewashangaza vya kutosha, nikaongeza ili washangae zaidi. "Ulaya nzima hajafika. Anapima kwa uzi."

Bi Zamzam aliweka kikombe chake chini. Mwanamke mmoja aliitazama ramani kama vile imemwagikiwa na kitu. Nilisimama katikati yao na sinia yangu, natabasamu, kwa sababu nilidhani kimya kile ni cha kustaajabu. Nilimtazama Shangazi nikitaraji atanitazama kwa furaha. Aliinama akaunyoosha uzi, akasema taratibu, "Kweli. Sijafika. Tuendelee, tukitoka hapa tunaingia mkono wa kulia." Akawatembeza mpaka mwisho wa mji.

Siku mbili baadaye niliambiwa kwamba Shangazi haendi. Anaogopa baridi. Aliyenambia ni Ami Nasoro, kwenye ngazi za nyumba yetu, na akanishika shavu. Aliyekwenda badala yake ni Khalfan, aliyekuwa ndiyo kwanza amemwoa binti wa Ami, na ametoka Uingereza alikosoma miaka miwili. Viena alikuwa hajafika yeye pia. Hilo sikuliwaza wakati ule, na nikiliwaza sasa nashikwa na hasira ya kuvunja vyombo. Hakuna aliyemwuliza. Alivaa suruali ya jinzi, alikunja karatasi za Shangazi mara nne akazitia mfuko wa nyuma, na watu wote wakaona kwamba huyu ni kiongozi.

Mimi niliamini habari ya baridi. Nilimwona kwa macho yangu mikono yake inavyotetemeka, kwa hiyo ikaniingia akilini. Sikujiuliza kwa nini mtu aogope baridi ya mwezi wa saba, wakati ushauri wa sita wa karatasi yake mwenyewe unasema koti jepesi linatosha. Na watoto wana mdomo. Miaka na miaka nilimtania. Akifungua jokofu namwambia, "Shangazi, angalia usikimbie." Akicheka. Kila mara alicheka. Alipunguza kiyoyozi chumbani mwake na kusema, "Mie na baridi, mwanangu, tumeshaachana."

Msafara uliporudi, Bi Zamzam alikuja kwetu na boksi la chokoleti. Alieleza kila kitu kilivyokuwa, farasi, tramu, mkate wa Jumamosi, na kila alichokieleza Shangazi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anapata khabari za ndugu zake. "Ila ile baraza, Thuwaiba, hatukuiona," alisema Bi Zamzam. "Tumezunguka kanisa mara mbili. Khalfan akatwambia wameivunja, eti wanatengeneza njia. Masikini, anaijua Viena kijana yule."

Nataka mlione hili kama ninavyoliona mimi leo. Mwanamke aliyekosea kwa kudhani mema, aliyesema "sijafika" mbele ya watu alipoulizwa, huyo hakuaminiwa. Kijana aliyesimama mbele ya ukuta mtupu akatunga uwongo papo kwa papo, huyo ndiye aliyeijua Viena.

Shangazi hakuuliza habari ya kuvunjwa. Aliuliza kitu kimoja tu. "Sasa mlikaa wapi?"

"Chini, kwenye ngazi za watu."

"Nimewachosha," alisema. Alikwenda chumbani kwake, na siku ile hakutoka mpaka magharibi.

Sikuwahi kumwona akiandika karatasi nyingine. Kofia alishona mpaka macho yalipomkataa. Khalfan alizidi kupeleka misafara, kwanza kwa Ami, kisha kwa kampuni yake mwenyewe. Shangazi alifariki msimu wa baridi uliopita, hajatoka nje ya Oman tangu siku aliyoletwa kutoka Unguja, na siku ya pili ya matanga Bi Zamzam, sasa mzee wa kushikwa mkono, alinivuta kando jikoni.

"Mie ndiye niliyempigia Nasoro," alisema. "Siku ile uliyosema. N'kamwambia siwapeleki wanangu nyuma ya mtu asiyefika. Yeye alitaka kwenda, mwanangu. Alikuja kwangu na koti lake mkononi, akanambia, 'Nipime, Zamzam, niulize mtaa wowote.' Sikumwuliza." Alilia, na mimi sikumpoza, kwa sababu sikutaka apoe.

Koti lile sasa liko kabatini kwangu. Mfukoni nilikuta kipande cha uzi chenye mafundo manne.

Ndiyo maana ule ujumbe ulipoingia, sikuimwaga chai iliyobaki wala kuwasha moto upya. Nilimpigia Ami Nasoro. Anakaribia miaka tisini, lakini masikio yake mazima na kumbukumbu yake nzima pale anapotaka.

"Ami, zile karatasi za Viena ni za Shangazi."

"Najua."

"Basi mwambie Khalfan aandike jina lake."

"Mwanangu, maiti jina la kwenye simu litamfaa nini? Msomee Yasini."

"Namsomea. Na jina pia nalitaka."

"Mbona unan'kasirikia mie? Kwani aliyesema siku ile nani? Ungenyamaza, angekwenda."

Nilijua siku moja ataniambia. Nimejiambia mwenyewe mara nyingi kuliko atakavyoweza yeye kuniambia. Lakini kulisikia kutoka kinywani kwake, yeye aliyekuwa na uwezo wa kumjibu Bi Zamzam kwa neno moja tu, dada yangu anakwenda, kulikuwa jambo jingine.

"Nilikuwa na miaka tisa, Ami," nilimwambia, "na nilisema kweli. Wewe ulikuwa mtu mzima, ukanambia anaogopa baridi. Nimemcheka kwa maneno yako mpaka anakufa."

Nilimwombea usiku mwema ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, nikakata simu.

Kisha nikarudi kwenye grupu. Makofi yalikuwa yameongezeka, na mtu ameandika mashallah, Khalfan, umetufaa. Niliandika kwa adabu zote nilizofunzwa: "Ahsante, Khalfan. Namba tisa imenipendeza. Hiyo baraza ya nyuma ya kanisa, weye mwenyewe umepata kukaa?"

Alijibu haraka, mtu aliyezoea kuulizwa. "Sana. Kila msafara tunakaa hapo. Kivuli kizuri, na ni pana, hata watu wanene wanaenea."

Niliitazama sentensi ile. Nilikuwa na jibu refu, nimeshaanza kuliandika, lenye tarehe na majina na jinsi karatasi zilivyokunjwa mara nne. Sikulimaliza. Ujumbe wa sauti uliingia kutoka kwa Bi Zamzam, ambaye haoni tena kuandika na hutumia sauti tu, na siku zote hupiga kelele kana kwamba grupu liko ng'ambo ya barabara.

"Khalfan, baba, mie nlikuwepo. Si ulitwambia wameivunja? Basi wameijenga lini? Hakuna baraza pale, haikuwepo, na karatasi hiyo si yako. Kaandika Thuwaiba, Mungu amrehemu, kwa mkono wake, hapo kwao Khuwair, anapima kwa uzi. Hajafika, na sisi ndio tuliomzuia asifike. Muandike jina lake."

Alama za kusomwa ziliingia moja baada ya nyingine. Watu arobaini na kitu tumo kwenye grupu lile, na wote walikuwa macho. Hakuna aliyeandika. Makofi yalikoma. Picha ya Khalfan na miwani yake ilibaki juu pale, na chini yake sauti ya Bi Zamzam, na chini ya sauti hakuna kitu.

Kimya cha namna hiyo niliwahi kukisikia mara moja, nimesimama na sinia ya haluwa, nikakisoma vibaya. Safari hii sikukosea. Niliwasha moto, nikabandika chai nyingine, na nikakisikiliza mpaka ikachemka.